Mwenye Neno la Mwisho Kati ya Ramani na Daftari



Mada niliyopewa ina jina refu: kuoanisha data za ramani na kanzidata za serikali. Kwa lugha ya kawaida ni hivi. Serikali ina madaftari: la hati za ardhi, la walipa kodi ya majengo, la shule, la zahanati, la anwani. Siku hizi mengi yamehamia kwenye seva, lakini tabia haijabadilika. Kila kitu kina mstari wake, na mstari una safu za jina, namba, tarehe na mmiliki. Upande wa pili kuna ramani, isiyojua mmiliki wala ada. Inajua tu kwamba kitu kipo hapa na kina umbo hili. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mstari wa daftari na umbo la ramani vinazungumzia kitu kimoja, leo na hata mwakani, baada ya kitu hicho kuuzwa, kupanuliwa, kubomolewa au kuingizwa wilaya nyingine.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye programu. Programu zipo, na baadhi ya zilizo bora ni za bure. Ugumu uko kwenye swali ambalo ofisi zetu hazipendi kuliuliza kwa sauti: pande hizi mbili zikipingana, nani mwenye neno? Nitafika huko, ila kwanza nataka tuone zinavyopingana, maana bila kuona hilo tutabaki kwenye nadharia.

Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.3 mashariki. Kwenye kompyuta unaandika -6.8, kisha 39.3. Karani akizipanga kinyume, zahanati ya Temeke inatua Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Akisahau alama ya kutoa, inatua kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Akiacha wazi na mfumo ukajaza sifuri mbili, inazama katika Ghuba ya Guinea, mahali ambapo ikweta inakutana na longitudo sifuri. Ukipewa faili la vituo ambalo halijasafishwa, tazama kwanza pale baharini. Hukosi kukuta shule na visima kadhaa vinaogelea.

Makosa ya namna hiyo hayanitishi, kwa sababu yanajitangaza. Ninaloliogopa ni kosa linalokaa vizuri.

Ramani nyingi za upimaji zilizomo kwenye makabati ya Tanzania na Kenya zilikokotolewa kwa datamu, yaani msingi wa koodineti, ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia alilolikadiria mpimaji Clarke mwaka 1880. Simu yako inatumia datamu nyingine, WGS84. Bikoni ya mpaka wa kiwanja ni ileile, imechimbiwa palepale, haijasogea hata unywele, lakini ina koodineti mbili, na kwa vipimo vya mita tofauti yake ni karibu mita 300, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Tanzania ina fremu mpya ya TAREF11 inayokwenda sambamba na setilaiti, ila karatasi za zamani hazijibadilishi zenyewe. Sasa chukua faili la viwanja la Arc 1960, lifungue bila kuiambia programu datamu yake, na programu, kwa ukarimu wake, itajichukulia kuwa ni WGS84. Viwanja vyote vinaruka mita 300 kwenda kaskazini.

Kijijini utaona shamba limekaa katikati ya mto, utashtuka na kurudi nyuma. Mjini, mita 300 ni mitaa mitatu au minne. Mistari ya viwanja inaangukia juu ya nyumba nyingine na barabara nyingine zenye mpangilio uleule, kwa kuwa aliyechora mchoro wa mipangomiji alikuwa mmoja, na macho yanaridhika. Kiwanja Na. 14 Kitalu C kinapewa nyumba ya mtu wa Kitalu F. Ukiendesha zoezi la kuoanisha, utapata asilimia ya kupendeza, na mkuu wako wa idara ataipiga picha skrini aitume juu. Kosa litagundulika siku ya kesi, au siku mtu atakapoambiwa na benki kwamba dhamana yake ni nyumba asiyoifahamu.

Kwa hiyo wanafunzi, kabla ya kusifia asilimia, chukua rekodi chache uende nazo uwanjani, usimame kwenye bikoni yenyewe. Hakuna njia ya mkato.

Baada ya mahali yanakuja majina, na hapa nchi yetu ina mambo yake. Tulijenga shule nyingi kwa muda mfupi na tukazipa majina ya siasa ya wakati ule, kwa hiyo Azimio, Uhuru, Muungano, Mapinduzi na Umoja ziko kila upande wa nchi. Daftari moja linaandika "Shule ya Msingi Azimio", jingine "Azimio S/M", jingine "Azimio" basi. Mbagala kuna Rangi Tatu, na utaikuta imeandikwa Rangi 3, Rangitatu, na hata kwa herufi kubwa tupu bila nafasi. Mwenyeji wa Tandale anasema "Kwa Mtogole". Karatasi ya serikali inasema "Mtogole" tu. Hizi mashine inaweza kuzing'amua, maana herufi zinafanana na kitu ni kimoja. Shida ni pale herufi zinapofanana na kitu si kimoja. Dar es Salaam ina Mbezi mbili, ya Beach na ile ya Kimara kwenye barabara ya Morogoro, na daladala ya moja haikufikishi nyingine. Programu inayolinganisha maneno peke yake itaziunganisha bila hata kupepesa.

Dawa inayofahamika ni kutumia jina na umbali kwa pamoja: vitu viwili vinahesabiwa kuwa kimoja endapo majina yanakaribiana na mahali panakaribiana, na vile vya katikati, vinavyotia shaka, vinawekwa kando vitazamwe na mtu. Sehemu ya mwisho ndiyo inayokatwa kwenye bajeti kila mara. Mradi unaambiwa uoanishe rekodi zote, na kwa kuwa lazima zote zioane, mwendeshaji anashusha kigezo mpaka zioane. Rekodi isiyopata mwenza angalau unaiona imekaa peke yake, utaishughulikia kesho. Rekodi iliyoozeshwa mwenza asiye wake haitafutwi tena na mtu yeyote.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wanapenda namba. Kila kitu kipewe namba moja, na namba hiyo iandikwe pande zote mbili. Sawa, lakini namba ipi? Postikodi yetu ina tarakimu tano, na imetungwa ili isomeke: mwanzo kanda na mkoa, kisha wilaya, mwisho kata. Kwa kupanga barua ni kazi nzuri kabisa. Ila ukiifanya ndiyo ufunguo wa kuitambulisha nyumba, umejitafutia balaa, kwa sababu mipaka ya utawala hapa kwetu haitulii. Mwaka 2012 tulipata mikoa mipya minne, Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kinondoni ikazaa Ubungo, Temeke ikazaa Kigamboni. Februari 2021 halmashauri ya jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Katika mabadiliko hayo yote hakuna nyumba iliyohama. Kama namba ya nyumba imebeba namba ya wilaya ndani yake, unachagua moja kati ya maumivu mawili: ubadilishe namba na kupoteza historia yote, au uiache na namba iwe inasema uongo.

Uholanzi walichagua la pili kwa makusudi, na ninaona walichagua vizuri. Wana daftari la taifa la anwani na majengo, linaloitwa BAG kwa kifupi, ambalo sheria yake ilianza kazi Julai 2009. Kila jengo lina namba ya tarakimu 16. Nne za mwanzo ni za manispaa iliyoliandikisha, mbili zinazofuata zinaeleza aina ya kitu, kumi zilizobaki ni za mfuatano. Manispaa zao nazo huunganishwa mara kwa mara, lakini namba haiguswi. Zile tarakimu nne zinabaki kuonyesha jengo liliandikishwa wapi mara ya kwanza, na anayetaka kujua liko manispaa gani leo anaulizia kwenye safu nyingine. Namba kazi yake ni kutofautisha. Maelezo yana safu zake.

Nitarudi Uholanzi, kwa sababu wana jambo jingine kubwa kuliko hilo. Kwanza twende Marekani tukaone kinyume chake.

Ofisi ya sensa ya Marekani ina kanzidata ya barabara na mipaka iitwayo TIGER, iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ya 1990. Data zake ni mali ya umma, yeyote anachukua. Mwaka 2007 na 2008, watu wa OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, waliibeba yote na kuimimina kwenye ramani yao. Siku moja jangwa tupu, siku ya pili barabara za nchi nzima. Ilikuwa furaha. Kisha watu wakaanza kukuza picha. Barabara zilipita juu ya mapaa, zilikatiza maziwa, vijia vya mashambani viliandikwa kama mitaa ya makazi. Hilo si la kushangaza, kwa kuwa karani wa sensa alihitaji kujua nyumba iko upande gani wa barabara, wala hakuhitaji barabara ikae sawasawa na picha ya anga. Kila barabara ilibandikwa alama ya "haijakaguliwa", na zipo zinazoibeba alama hiyo mpaka leo.

Tazameni sasa kilichofuata. Ofisi ya sensa, ikijiandaa kwa sensa ya 2010, ilizinyoosha barabara zake kwa mradi mkubwa wa miaka kadhaa. Data mpya zikawa safi kuliko zile zilizomiminwa. Je, OpenStreetMap wangefuta na kumimina tena? Hawakuweza. Katikati hapo maelfu ya watu walikuwa wamesharekebisha kwa mikono, mmoja kanyoosha barabara ya mtaani kwao, mwingine kaongeza jina. Kumimina upya kungefagia jasho lao lote. Na marekebisho yao nayo hayakuwa na njia ya moja kwa moja ya kurudi serikalini. Pande mbili zilizoanza na data ileile ziliachana njia, kila moja ikiwa na ubora wake, na kila moja ikiwa na makosa ambayo mwenzake ameshayasahihisha.

Kule kumimina kulikuwa kitendo cha kunakili, na kunakili kunaisha siku unaponakili. Kuoanisha hakuishi. Mwenye duka na mteja wake wa mkopo wana madaftari mawili, na kinachoyaweka sawa ni kukaa pamoja kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari, huku wote wawili wanajua kwamba bei ya sukari anaisema mwenye duka na idadi ya mikate iliyochukuliwa anaisema aliyekuja kuichukua.

Hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Usiulize nani mwenye ukweli, ramani au daftari. Uliza safu kwa safu. Jina la mmiliki: mwenye neno ni Msajili wa Hati, na ramani ikisema vingine ramani imekosea. Mpaka wa kiwanja: mwenye neno ni ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, wala si mstari uliochorwa juu ya picha ya droni, hata kama picha ile inapendeza. Je, pale pamesimama nyumba au pamebaki kifusi? Mwenye neno ni aliyepita pale juma lililopita. Jina wanaloliita wenyeji? Wenyeji. Ukiandika jedwali la namna hiyo kabla ya kununua seva, nusu ya ugomvi imekwisha. Usipoliandika, fundi wa kompyuta ataamua kwa niaba ya taifa zima kwa mstari mmoja wa msimbo unaosema kwamba kilichoandikwa mwisho ndicho kinachoshinda. Nimeiona halmashauri, sitaitaja, ambayo majina ya wamiliki yalifutwa hivyo usiku mmoja, kwa sababu faili la ramani lilikuwa na safu ya mmiliki iliyo tupu na lilikuwa jipya zaidi. Utupu ulishinda.

Sasa turudi Uholanzi. Sheria yao haikuishia kuzitaka ofisi za serikali zitumie daftari moja. Iliweka pia wajibu wa kurudisha taarifa: ofisi yoyote ya umma ikiwa na shaka ya msingi kwamba kilichoandikwa si sahihi, inalazimika kuliarifu daftari. Manispaa ikipokea taarifa inaiwekea rekodi ile alama kwamba inachunguzwa, na alama hiyo inaonekana kwa kila anayeisoma. Fikirieni maana yake. Daftari la serikali linakubali hadharani kwamba mstari huu una mashaka. Kwetu mstari wenye mashaka na mstari usio na mashaka vinafanana rangi, na karani wa dirishani hana pa kuandikia analolijua. Mwaka 2014 watu wa OpenStreetMap wa huko waliingiza majengo ya BAG kwenye ramani yao, kila moja na namba yake ileile. Mtu wa kujitolea anayeona jengo limebomolewa ana namba ya kulitajia, na ana mahali pa kuipeleka.

Hapa nyumbani tunayo mifano ya kutosha ya kujifunzia. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ukusanyaji ni wazo la akili, kwani mita za umeme ziko tayari kwenye kanzidata, na majengo hayakuwa yameorodheshwa vizuri. Lakini mita si jengo. Nyumba yenye wapangaji watatu na mita tatu iliweza kukatwa mara tatu, nyumba mbili zinazochangia mita moja zikakatwa mara moja, na mpangaji akajikuta analipa kodi ya mwenye nyumba. Malalamiko yalianza papo hapo, na hayakuwa malalamiko ya kodi hasa. Yalikuwa ya uhusiano wa rekodi: kitu kimoja upande huu kina vitu vingapi upande ule? Swali hilo linajibiwa na ramani yenye jengo, na ndani ya jengo orodha ya mita zake.

Mfano wa pili ni Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, iliyofanywa haraka kabla ya sensa ya Agosti 23 mwaka huo. Vibao vya mitaa vikasimama, namba zikaandikwa milangoni, taarifa zikaingia kwenye mfumo wa taifa wa anwani, NaPA. Naipongeza kwa dhati. Nchi ya watu 61,741,120, kama sensa ile ilivyotuhesabu, kuwa na anwani ni jambo zito. Wasiwasi wangu ni wa siku ya pili. Mama anayejenga vyumba vitatu vya kupangisha uani mwaka huu hasubiri operesheni nyingine. Na nyumba zinazobomolewa, kama zile za Kimara zilizopisha upanuzi wa barabara mwaka 2017, zinaondoka kimya kimya. Orodha ya kawaida haikuambii kilichotoka. Inakuonyesha kilichobaki tu, na mfumo unaopokea nyongeza bila kupokea mauti unajaa mizimu baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kila rekodi iwe na tarehe mbili, ya jambo kutokea na ya sisi kulijua, na inayokufa ifungwe, isifutwe. Hakimu atakuja kuuliza siku moja ofisi ilijua nini, na lini.

Nani ataleta ofisini habari za uani kwa yule mama? Tunaye tayari. Vijana wa Ramani Huria, walioanza kuchora Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, wengi wao wanafunzi wa vyuo vyetu, walikuta kwamba watu hawaishi ndani ya mipaka ya kata kwa maana ya kila siku. Wanaishi katika shina. Mjumbe wa shina anajua nyumba zake kwa majina, anajua nani amehamia na ukuta wa nani umesogea. Walikaa na wajumbe wakachora mipaka ya mashina yao, mipaka ambayo daftari la serikali halikuwa nayo. Mtaniambia mjumbe ni wa chama, si mtumishi wa umma, na mtakuwa mmesema kweli. Ndiyo maana sisemi apewe neno la mwisho katika safu yoyote. Nasema apewe njia ya kupeleka shaka kwa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mtumishi, na mtendaji awe na siku kadhaa za kwenda kuangalia na kuifunga taarifa ile kwa ndiyo au hapana.

Na si kila kitu kiende kila mahali. Jengo, mlango na namba vinaweza kuwa vya wote. Jina la anayelala humo si la wote. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na namba ya pamoja inatuwezesha kuunganisha ofisini bila kumwaga barabarani.

Miradi tayari ipo. Kenya walizindua Ardhisasa, mfumo wao wa ardhi wa mtandaoni, Aprili 2021 wakianza na Nairobi. Sisi tuna mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Katika miradi ya namna hii fedha nyingi huenda kwenye kupima, kuskani na kununua mitambo, kwa kuwa hivyo vinahesabika na vinazinduliwa. Ombi langu kwa wanaosoma maandiko ya miradi hii, na baadhi yenu mmo humu ukumbini, ni dogo. Mkifika kwenye jedwali la gharama, tafuteni mstari wa nauli ya mtendaji wa mtaa ya mwaka wa nne baada ya mradi kufungwa. Kama haupo, rudisheni andiko.